Uyoga Uliokatika Mzizi

Juzi nilimgombeza mwanamke wa watu sokoni kwa sababu ambayo yeye hangeweza kuielewa. Alikuwa ametandaza uyoga wake juu ya kipande cha turubai, mweupe, mnene, umetoka kunyeshewa, na harufu yake ilinifikia kabla sijauona: harufu ya udongo uliolowa na unga mbichi. Nilichuchumaa nikageuza mmoja, nikakuta mguu umekatwa kwa kisu, safi kabisa. Nikageuza wa pili. Fungu zima lilikuwa limekatwa hivyo.

"Mizizi iko wapi?" nikamuuliza.

"Mama, weye unataka kula udongo?" Akacheka, na wenzake wa pembeni wakacheka naye.

Nikamwambia kwamba kuuza uyoga bila mzizi ni sawa na kuuza nyama bila kusema ni ya mnyama gani. Nilisema kwa sauti kubwa mno, watu wakageuka. Yule mama hakukasirika. Aliniangalia jinsi mtu anavyomwangalia mgonjwa, akasema, "Basi usinunue, mama yangu." Nikanunua. Sijui kwa nini nilinunua. Nilirudi nyumbani, mtaa wa Rwambuzi hapa Bunia, na mfuko mkononi, na njia nzima nilikuwa mtoto wa miaka tisa.

Ninyi wa rika langu mliokulia Bunia na pande zake hamhitaji kuelezwa miaka ile ya vita, na mimi sina nia ya kuieleza. Nani alimfukuza nani, kabila gani lilianza, hayo waulizeni wanaopenda kubishana. Ninachojua ni kwamba kila mmoja wetu alitoka mle na kitu chake kimoja kisichomwachia. Jirani yangu hawezi kuvumilia mlio wa bati likipigwa na upepo. Changu mimi ni uyoga, na nikikitaja watu hutabasamu, wakidhani ninaanza hadithi ya mapishi.

Niliujua uyoga kwa Koko, ndivyo tulivyomwita mama yake baba. Tuliishi milimani, mwendo wa nusu siku kutoka Kpandroma, mahali penye ukungu asubuhi na vichuguu vingi kuliko nyumba za watu. Koko alikuwa mwanamke mfupi, mkavu, mwenye kupenda utani, na kwenye soko la Kpandroma hapakuwa na mtu aliyethubutu kubishana naye juu ya uyoga. Watu walimletea waliouokota wao, wakasimama wakisubiri kama wanafunzi wanaongoja pointi zao, naye akaugeuza, akaunusa, akasema kula au tupa.

Kwake yeye ule haukuwa uyoga tu. Ulikuwa ukoo wenye watu wake, kila mtu na jina lake, mwezi wake na tabia yake. Walikuwapo Wanafunzi, wadogo, weupe, wanaotoka mamia kwa siku moja wamejipanga kama watoto mbele ya bendera, na kesho yake hawapo. Alikuwapo Mjane, wa kijivu, anayetoka peke yake ameinama, nyama yake ngumu lakini mchuzi wake unashinda wote. Alikuwapo Mkwe, mwenye kichwa kilichochongoka kwa sababu, alisema Koko huku akimtupia mama jicho, mkwe huingia nyumbani mwa watu akitanguliza kichwa. Tajiri alikuwa na kofia pana kama sinia, na ukimpata ni lazima umwite jirani, maana kumla peke yako ni mkosi. Na Padiri alikuwa mrefu, kofia nyeupe yenye magamba ya kahawia, shingoni amevaa kola. Huyo nilimpenda kuliko wote, kwa ajili ya kola yake.

"Hawa bote ni nyumba moja," Koko alisema. "Nyumba ya muchwa. Bako na sura mbalimbali, lakini baba ni mumoja."

Nami nilimuuliza angejuaje, kama sura hazifanani. Akapiga magoti kando ya kichuguu, akachukua kijiti chake, akaanza kuchimba polepole kuuzunguka mguu wa Padiri. Chini ya mguu kulikuwa na mzizi, mweupe, mwembamba, unaozidi kushuka. Aliufuata hadi mkono wake ukazama kiwiko kizima, na mwisho akanionyesha ulikotokea: kitu cha kahawia chenye matundu, chepesi kama mkate mkavu, na mchwa wakikimbia juu yake. "Unaona? Kofia inaweza kufanana na kofia ya mutu mwengine. Muzizi haiwezi."

Ndiyo maana kwetu mzizi haukukatwa. Muuzaji aliyekata mzizi alihesabiwa kuwa mwizi, au mjinga, na uyoga wake ulirudi naye nyumbani. Mnunuzi alionyeshwa mzizi na udongo wake, akaridhika, ndipo yakaja maneno ya bei.

Na pale ambapo mzizi ulikuwa umepotea kwa bahati mbaya, Koko alikuwa na njia yake nyingine. Aliipindua sufuria yake ya zamani, ile iliyokuwa na masizi chini kwa moshi wa miaka, akalaza kofia moja ya uyoga juu ya masizi yale, akaifunika kwa bakuli isipigwe na upepo. Kesho yake aliifunua. Uyoga huangusha vumbi lake, na vumbi la nyumba ya mchwa ni rangi ya ukucha wa mtoto. Likiwa na rangi nyingine yoyote, tupa, na sufuria uioshe. Kwanza mzizi, halafu vumbi, halafu sura, na mwisho wa yote ndipo jina. Alinikaririsha mpaka nikaota. "Jina inakuja mwisho," alisema. "Ukianzia ku jina, utajidanganya weye mwenyewe."

Nyakati hizo Koko alikula mwisho. Hilo nalikumbuka vizuri kwa sababu lilikuja kuwa na maana. Alitupakulia sisi, akampakulia mama, akabaki anakwangua chini ya sufuria akisema utamu wote uko kule.

Kisha tukakimbia. Baba alikuwa huko kwenye machimbo ya dhahabu na hatukupata kumwona tena, wala habari yake. Tulikuwa wanne: mama, Koko, mimi, na Trezo, mdogo wangu wa miaka minne ambaye mama na mimi tulibadilishana kumbeba. Watu wengine walibeba magodoro na kuku. Koko alijitwika sufuria yake yenye masizi, njia nzima hadi Bunia, na mama akamwambia njiani, kwa sauti ya chini ya mtu aliyechoka, kwamba angebeba unga badala ya kile chuma.

Bunia tulipokewa na mama Faida, mwanamke wa kanisa letu aliyekaa mtaa wa Bigo. Alikuwa na watu wengi nyumbani tayari, akatupatia jiko la nje, chumba cha udongo chenye mlango wa bati. Alitusaidia kwa moyo, sitamsema vibaya. Ila mgeni wa siku moja si mgeni wa miezi, na kadiri vita vilivyozidi kuizunguka mitaa ndivyo sahani zake zilivyopungua kutufikia. Tulikula fufu kavu, ugali bila mboga. Tulikula sombe, majani ya muhogo, bila mafuta. Zikaja siku tulizokunywa maji yaliyopikiwa fufu, mama akatuambia ni supu.

Mvua ilipoanza, Koko alianza kutoka na kikapu chake. Hakuweza kwenda mbali, maana mbali kulikuwa na watu wenye bunduki, basi alizunguka nyuma ya nyumba, kwenye vichaka vya Bigo, kando ya mitaro. Alirudi na uyoga. Mara ya kwanza mimi na Trezo tulicheza. Lakini Koko hakutugawia. Alichoma kipande kimoja, akaketi nyuma ya jiko akiuelekea ukuta, akala peke yake, polepole, akitafuna sana. Trezo alisimama karibu naye kidole mdomoni. "Kesho," Koko akamwambia bila kugeuka. "Yenyu ni ya kesho."

Na kweli kesho yake alitupikia uliobaki, ukiwa umelegea, umeanza kuingia funza. Ikawa hivyo kila mara. Kipya kilikuwa chake, cha jana kilikuwa chetu. Hakueleza neno, nasi hatukuuliza, maana mtoto wa kwetu haulizi mkubwa kwa nini anakula.

Mama hakuwa mtu wa uyoga. Alizaliwa kwenye kambi ya wachimba dhahabu, baba yake akitoka mbali na mama yake mbali zaidi, na kwake chakula kilikuwa kitu kinachonunuliwa dukani. Siku moja alimtazama Koko kule ukutani, akaniambia mimi, kwa kuwa hapakuwa na mtu mwingine wa kuambiwa, "Koko yenu iko na lokoso. Njaa inaonyesha mutu." Lokoso ni ulafi, ule mbaya, wa mtu anayeweza kutafuna mbele ya mtoto mwenye njaa.

Niliamini. Ungekuwa wewe ungeamini. Mwalimu wangu wa zamani nilikuwa nimemwona na bunduki begani. Watu waliokuwa wakibatiza watoto pamoja walikuwa hawasalimiani. Kama vita viliweza kuwageuza hao, vingeshindwa vipi kumgeuza mwanamke mmoja mzee? Nililia kwa siri, nikamwondoa Koko moyoni, na nikajiambia kwamba Trezo sasa hana mtu ila mimi.

Nyuma ya mtaa kulikuwa na shule iliyofungwa. Uwanja wake wa mpira, uliokanyagwa na miguu ya watoto miaka na miaka, ulikuwa umeota majani. Asubuhi moja baada ya mvua kubwa, Koko alinichukua tukaenda, tukakuta uyoga mweupe umejipanga katikati ya uwanja kwa duara, mrefu, mzuri wa kutamanisha. Nilikimbia. Koko hakukimbia. Alisimama pembeni ya duara akiutazama kwa muda.

"Padiri," nilisema.

"Nani amekuambia jina?" Akapiga magoti, akatoa kijiti. Hapakuwa na kichuguu karibu, lakini hilo si kitu, mchwa wako kila mahali chini ya ardhi. Alichimba. Udongo ule ulikuwa mgumu kama sakafu, na kila mguu alioufuata ulikatika, tik, palepale juu. Alijaribu mitatu. Mara ya tatu alikaa chini kwenye majani yenye maji, akafuta mikono kwenye kitenge chake, na nikaona uso wake haujui. Sikuwahi kuuona uso huo. Nilidhani amechoka.

Tulirudi na kofia tatu. Koko akalaza moja juu ya masizi ya sufuria, akaifunika kwa bakuli. Nyingine mbili akaziweka kwenye kikapu, akakining'iniza juu kwenye boriti. "Hapana kugusa," alisema, akinitazama mimi. Nami nilijua maana yake: ni zake, mpaka ashibe.

Mchana huo risasi zilianza. Tulilala chini mchana huo na kutwa nzima iliyofuata, mama amemlalia Trezo, hakuna aliyewasha moto, hakuna aliyekula. Asubuhi ya pili pakawa kimya. Watu walitoka haraka, kila mtu kutafuta anachoweza kabla kimya hakijavunjika. Mama alienda kutafuta unga. Koko alichukua bidon, dumu letu, akaenda kuchota maji, hakufunua hata bakuli lake. "Muchunge mutoto," wakaniambia wote wawili, mmoja baada ya mwingine.

Trezo alilia kile kilio kisicho na machozi, cha mtoto asiyekuwa na nguvu ya kulia. Alikuwa akiangalia kikapu. Nikapanda juu ya beseni lililopinduliwa, nikakishusha. Kofia zilikuwa zimenyauka kidogo pembeni, lakini magamba ya kahawia yalikuwapo na kola ilikuwapo shingoni. Nilimjua. Nilianza na jina, kama mjinga yeyote wa sokoni.

"Leo tunamukula Padiri," nilimwambia Trezo, naye akacheka.

Niliwasha makaa mawili matatu yaliyokuwa yamebaki, nikaichoma kofia upande mmoja, sikungoja sana, nikaipaka chumvi ya mwisho iliyokuwa kwenye karatasi. Nilimpa yote. Mimi sikula hata ukingo. Nilijisikia mkubwa kuliko Koko na bora kuliko yeye, na nilimtazama mdogo wangu anavyokula nikafikiri, hivi ndivyo anavyopaswa kufanya mtu mwenye kupenda. "Yaya, iko tamu," akaniambia mimi dada yake, akilamba vidole.

Koko aliporudi na maji, Trezo alikuwa amekwisha kutapika mara mbili na amejikunja ubavu. Alitua bidon. Alimtazama, akakitazama kikapu, akaenda moja kwa moja kwenye sufuria na kulifunua bakuli. Aliinua ile kofia. Chini yake, juu ya masizi meusi, vumbi lilikuwa limeanguka kwa mistari midogo mizuri, kama mtu aliyechora kwa kalamu. Lilikuwa la kijani.

"Ulimupa ngapi?" aliuliza, kwa sauti ya chini.

"Moja."

"Ulipika?"

"Nilichoma."

Hakunipiga. Alifuta vumbi lile kwa kiganja, lote, akakipangusa kiganja kwenye ukuta, kisha akamwinua Trezo, akamnywesha maji ya vuguvugu na kumtia kidole kooni atapike zaidi. Alikuwa katika kazi hiyo mama alipoingia na unga kidogo ndani ya kitambaa.

"Alikula nini?" mama aliuliza.

"Uyoga," Koko akasema. "Miye nilimupa. Nilikosea. Macho yangu imezeeka."

Nilikuwa nimesimama mlangoni. Vidole vyangu vilikuwa bado na chumvi. Mama alimtazama Koko, wala hakupiga kelele, akamchukua mtoto wake akatoka mbio. Kituo cha afya cha karibu kilikuwa kimefungwa, wauguzi wamekimbia. Cha pili kilikuwa ng'ambo ya barabara kubwa, na kabla hajaivuka risasi zikaanza tena, akarudi. Siku hiyo nzima tulimpa Trezo maji ya sukari aliyotupatia mama Faida, kijiko kimoja kimoja, na kila kijiko kilirudi. Alifariki kesho yake kabla ya saa sita mchana, akiwa mwepesi sana. Makaburini hakukuwa na njia. Wanaume wa parseli, kile kiwanja cha mama Faida, walichimba nyuma ya jiko, tukamfunga kwenye kitenge cha mama chenye maua ya njano.

Ningesema. Ninajua unavyofikiri, kwamba mtoto wa miaka tisa angesema. Kila siku niliamka nikisema leo. Lakini katika akili yangu ya wakati ule kosa halikuwa uyoga. Nilidhani chakula kiligeuka sumu kwa sababu nilikiiba, kwa sababu mdogo alikula kabla ya zamu ya mkubwa, na ule ukijani ulikuwa alama ya wizi wangu ambayo Koko aliiona na kuifuta. Nilidhani nikisema, mama naye atakufa. Kwa hiyo nilinyamaza, na Koko akanyamaza, na mama hakumwambia tena Koko neno moja hadi mwisho wa maisha ya Koko.

Habari za parseli hazikai. Neno mulozi, yaani mchawi, lilianza kwa watoto wa mama Faida, likapanda kwa wakubwa. Mwanamke mzee, mjuzi wa uyoga, mjukuu amekufa kwa mkono wake, na yeye alikula mwingi asidhurike: watu walijumlisha wenyewe. Mama alilisikia na hakulikanusha. Wiki moja baadaye Koko alibeba sufuria yake akaenda kwenye kambi ya waliokimbia, huko kwenye mahema, kulala na watu asiowajua.

Nilimfuata huko mara mbili, nikimdanganya mama kwamba ninakwenda kuchota maji. Mara ya kwanza sikuweza kusema chochote, nikamwachia maji nikarudi. Mara ya pili nilimkuta ameketi mlangoni pa hema, amekonda mpaka pete yake ameifunga kwa uzi. Sufuria ilikuwa kando yake, imesuguliwa hadi chini, inang'aa, haina masizi hata kidogo. Nikamuuliza lile lililonisumbua, kwa nini alitutangulia kula, kwa maana nilitaka kusikia kwamba na yeye ana kosa lake.

"Koko, juu ya nini ulikuwa unakula mbele, peke yako?"

Hakuelewa mara moja. "Mulikuwa munasema nini?"

"Mama alisema uko na lokoso."

"Na weye?"

"Miye pia."

Watu walipita na mabidon yao. Kisha akasema, akiwatazama hao na si mimi, "Kule kwetu nilikuwa najua zote. Hapa sijue kitu. Udongo si ile, muchwa si ile. Miye nimeisha kula myaka yangu. Nilisema kama iko mubaya, inichukue miye, siku ya pili munajua." Alishika goti lake. "Ningewaambia. Nilisikia haya. Mutu wa kuulizwa uyoga ni miye, na leo miye niulize tumbo yangu."

Sijui kama mtu anaweza kueleza hali niliyokuwa nayo. Mwanamke yule alikuwa ameketi ukutani siku zote zile akiwa na njaa kama sisi, akitafuna kitu ambacho huenda kingemuua, amegeuka ili Trezo asimwone akiogopa. Nami nilisimama nyuma yake nikimhesabia matonge. Nilijaribu kusema samahani, Koko akanikatisha, akaniambia niyataje majina, kama zamani.

"Wanafunzi," nilisema. "Mjane. Mkwe. Tajiri."

"Inabakia moja."

"Siwezi, Koko."

"Sema. Ile haikuwa Padiri. Usimutupie Padiri kosa ya mwengine."

Niliinuka nikachukua bidon yangu, nikaondoka nikikimbia, na sikurudi mara ya tatu. Koko alifariki katika mvua zilizofuata. Kijana wa kambi alikuja kutuambia. Mama alikuwa akichambua maharage, akasema "sawa," akaendelea kuchambua.

Mambo yote haya nilikuwa nayo mkononi juzi, ndani ya mfuko wa plastiki, nilipoingia kwangu. Mama anakaa nami sasa. Ni mzee, anaona vizuri, anasikia anapotaka. Alinusa kabla sijaweka mfuko mezani.

"Ile kitu inaingia ku nyumba yangu?"

"Mama," nikasema. Nilikuwa nimesimama mlangoni, na nilijikuta ninavifuta vidole vyangu kwenye nguo. "Ile siku ya Trezo, kuko kitu sikukuambia."

"Usianze." Hakuwa mkali. Aliinua mkono kunizuia, mkono ule uliombeba Trezo hadi barabara kubwa na kurudi. "Hapa Bunia bamama wangapi walipoteza batoto, hawajue hata waulize nani. Miye Mungu alinisaidia, alinipa mutu wa kumutupia kosa. Kila asubuhi ninamuuliza ule muzee, Koko yenu. Bila yeye ningekwisha pata wazimu. Tupa ile kitu, mwanangu."

Nikatoka na mfuko. Jua lilikuwa bado juu. Nyuma ya nyumba kuna mbabula, jiko dogo la makaa; niliyawasha, nikachoma kofia moja bila kuigeuza kutazama rangi yake chini, wala sikutafuta sufuria yenye masizi. Niliketi nikiuelekea ukuta, nikala yote, polepole, nikitafuna sana. Iko tamu, ile kitu. Nilikuwa nimesahau.

Asubuhi niliamka mzima. Nikamchemshia mama chai, nikampelekea, akaniuliza kama niliutupa. Nikamwambia ndiyo.